Mtoto wa Jicho Aliyebaki Angani

Pale Panda, mtaa wa mji wa Likasi, kwenye kona ambapo njia ya kambi ya wafanyakazi inakutana na ile inayoteremka sokoni, kuna ubao mrefu uliolazwa juu ya vipande viwili vya bomba la kiwandani. Watu wa mtaa wanauita Biro. Jina halikuja bure. Wastaafu wa kambi walizoea kutoka nyumbani kila asubuhi wakiwaaga wake zao kwamba wanaenda biro, yaani ofisini, na wake zao, ambao si wajinga, waliitikia "kazi njema" wakaendelea kufagia. Mkubwa wa biro hiyo ni mama Angèle, mwenye mbabula, jiko lake la makaa, birika mbili za kahawa ya tangawizi na kapu la mikate. Birika ya pili ikiisha, biro imefungwa, na hakuna pa kukata rufaa. Asubuhi hiyo ilikuwa ya mwezi wa tano, kiangazi kimeanza, baridi ya kukunja mabega, na birika ya kwanza ilishakwisha kabla ubishi haujashika moto.

Wa kwanza kufika siku zote ni papa Théodore, aliyechonga vyuma kwenye mashine moja kwa miaka thelathini na moja. Wanamwita Micron, kwa sababu hata sukari ya kahawa anaisawazisha kwenye kijiko kwa ncha ya kisu. Ubavuni kwake hukaa Michée, mpiga picha wa harusi na misiba, jina la kazi Flash. Upande wa pili ni Ricky, mnunuzi wa madini, anayeitwa Tonnage, kwani kwake yeye kitu kisichopimwa kwa tani hakijaumbwa. Na pale mwisho, mguu mmoja juu ya mwingine, ni Evariste, aliyesoma jeolojia kwa mwaka mmoja kule Lubumbashi na hajaruhusu mtu yeyote asahau. Huyo ni Bac-Plus.

Flash ndiye aliyefungua kikao. Aliweka simu katikati ya ubao, kati ya vikombe.

— Dada yangu Stéphanie kesho anapanda ndege ku Bruxelles, anakuya huku. Leo asubuhi anaingia mu ma magasin kununua zawadi. Anasema papa Théodore achague kintu moya, paka moya tu, isipite urefu ya mukono. Anangoya jibu mbele ya midi, saa sita.

Zawadi hiyo ilikuwa na asili yake. Baba yao Flash na Stéphanie alipofariki, mama yao alibaki na mashine ya kusaga mahindi, na wiki ileile ekseli ya mashine ikavunjika. Théodore alichonga mpya baada ya saa za kazi, akaileta mwenyewe begani, akaifunga, akakataa hata kikombe cha chai. Mashine hiyo ndiyo iliyowasomesha watoto wale wawili. Miaka kumi na miwili imepita, na Stéphanie hajasahau ule mwendo wa mzee mwenye chuma begani.

Sasa alichokuwa anakitaka Théodore kilikuwa kigumu kuliko ekseli. Alitaka picha ya doa moja la ukungu lililoko angani.

Wenzake wote wanaijua habari hiyo, lakini ni nzuri, acha isemwe tena. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili kwa miaka mitatu. Aliacha mashine, akaacha kusoma, akajifunza kumjua mkewe Berthe kwa hatua zake uani. Mwaka jana wakaja madaktari wa macho, wakakaa wiki moja hospitalini, na yeye akapasuliwa. Siku bandeji ilipotolewa, umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Jioni alitoka uani akainua uso. Nyota zilikuwa nyingi kama unga wa chuma chini ya mashine yake ya zamani, na alilia bila kujificha. Kisha, kuume kwa Msalaba wa Kusini, akaona doa. Akafumba, akafumbua. Doa lipo. Akaogopa: wamesahau kipande cha mtoto wa jicho ndani.

Fundi ni fundi. Kabla ya kuogopa zaidi alinyosha mkono, akalipima lile doa kwa kidole gumba, ili kesho yake akalalamike akiwa na vipimo.

Muuguzi aliyempokea hospitalini alikuwa Aimée, msichana wa maneno machache. Alimulika jicho lake, akaona ni safi kama maji ya kisima. Mwingine angemwambia mzee ni uzee, arudi nyumbani akalale. Aimée alimwuliza kama doa linatembea pamoja na jicho akiligeuza. Théodore akasema hapana, linabaki palepale. Basi tungoje jioni, akasema. Na jioni, akitoka kazini, alipita kwa Théodore, akasimama naye uani, akaangalia kule alikoelekezwa.

— Papa, alimwambia, na minye minaiona. Ile haiko mu jicho yako. Iko kule juu.

Mpaka leo Théodore hachoki kulisimulia neno hilo. Si kwa sababu ya doa lenyewe, ambalo baadaye Bac-Plus alilitafuta kwenye simu akalikuta lina jina, nébuleuse ya Carène, wingu kubwa la gesi ambamo nyota zinazaliwa. Ni kwa sababu mtu mmoja alimwamini kiasi cha kutoka nje kuangalia.

Kanisani kwao kuna desturi ya action de grâce. Aliyetendewa jema anasimama mbele, anasimulia, na analeta kitu: mbuzi, mfuko wa unga, kitenge. Théodore alishamwambia mchungaji kwamba yeye, Dimanche, yaani Jumapili, ya mwisho ya mwezi huu wa tano, ataleta picha ya lile wingu, kubwa, ndani ya kioo, na atampa Aimée mbele ya watu wote. Aimée mwenyewe hajui. Anachojua yeye ni kwamba amehamishiwa Kalemie, na mwisho wa mwezi anakwenda. Kwa hiyo Dimanche hiyo ikipita mikono mitupu, imepita. Jioni za wiki ijayo hazina mwezi, na wingu lile linasimama vizuri kusini mara tu giza likiingia. Kilichokosekana ni chombo.

— Hapa hakuna kuwaza mingi, Tonnage akasema, akatoa simu yake mwenyewe. Muone hii bomba. Murefu, nyeupe. Ku karto baliandika fois six cent septante-cinq. Kintu ya mbali inakuya karibu mara six cent septante-cinq.

Wote wakainama kuangalia hiyo mara mia sita sabini na tano. Lilikuwa bomba refu kweli la darubini, juu ya miguu mitatu myembamba kama ya mbu. Théodore aliitazama ile miguu kwa muda mrefu kuliko bomba.

— Inapita mukono, Flash akasema.

— Basi anunue tatu ya fupi, tuunganishe huku. Haba na haba inajaza kibaba.

Methali hiyo haijawahi kusemwa kwa ajili ya mabomba, lakini Tonnage huzichukua methali kama anavyochukua madini: kwanza anapakia, baadaye ndipo anaangalia ni nini.

Bac-Plus alikohoa kikohozi chake cha chuo kikuu. Alisema bomba moja ni makosa ya kisayansi, hata liwe refu namna gani. Binadamu ana macho mawili, kwa hiyo mabomba yawe mawili.

— Kidole moya haivunjake chawa, akamalizia.

Théodore aliuliza kwa upole chawa ameingiaje. Bac-Plus hakujibu, maana alikuwa ameshafika mbali zaidi. Alisema shida yenyewe si bomba, ni umbali. Picha ipigwe kutoka juu ya ule mlima wa mawe machafu ya mgodi, kila mita ikipandwa ni mita iliyopunguzwa kwenye safari. Tonnage alisema kama ni hivyo basi drone, ile ya wale wapimaji wanaokuja machimboni. Wafunge kamera chini yake, waipandishe mpaka ichoke. Bac-Plus akasema drone inatetemeka. Tonnage akasema wataifunga jiwe la kilo kumi ili itulie. Mama Angèle, aliyekuwa anapepea makaa, aliuliza drone yenye jiwe la kilo kumi inapandaje, akaambiwa hayo ni mambo ya mekanika.

Flash aliwaacha waendelee. Yeye alikuwa na jambo la kweli la kusema, na watu wenye jambo la kweli huwa hawana haraka. Alisema ameshajaribu. Juzi aliweka kamera juu ya ukuta wa studio yake, akaielekeza kwenye Msalaba, akaacha jicho la kamera wazi kwa nusu dakika. Kila nyota ikatoka ndefu kama punje ya mchele.

— Kule juu kunatembea, papa. Ukifungua kiloko, hauone kintu. Ukifungua mingi, bintu binakimbia.

— Kule juu hakutembei, Bac-Plus akamsahihisha. Dunia njo inazunguka. Inaenda est, kule jua inatokea. Donc muntu akikimbia ouest, kule jua inashuka, na mbio ileile, nyota zinasimama. Kambove iko ouest. Tunamupandisha Flash nyuma ya pikipiki na kamera yake, jua ikishashuka, tunakamata njia ya Kambove bila kusimama.

Théodore aligeuka kumtazama.

— Mbio gani, Evariste?

Bac-Plus alihesabu kwa vidole, akapotea, akaanza upya.

— Inapita kilomètre mille six cents ku saa.

Kilomita elfu moja na mia sita kwa saa, juu ya pikipiki.

— Na ile njia ya Kambove iko na mashimo, mama Angèle akasema.

Walicheka wote, na Théodore pia, mpaka akafuta machozi kwa leso. Lakini chini ya kicheko alihisi baridi nyingine. Saa ya Flash ilionyesha saa nne na nusu asubuhi. Mtoto wa watu amesimama mjini kwake Ulaya akingoja neno moja, na yeye hana neno. Bomba lile lilimtia shaka ingawa hakujua kwa nini. Akiomba kitu kisichofaa, Stéphanie atakibeba kwa moyo wote, kitafika, kitakaa kabatini, na Dimanche atasimama mbele ya kanisa kusimulia bila kitu mkononi. Aliogopa hasa kwamba Aimée ataondoka akidhani alichofanya kilikuwa kidogo.

— Inabakia kikombe moya, mama Angèle akatangaza, akitikisa birika.

Ndipo akatokea mgeni. Alikuwa anatoka zamu ya usiku, sweta juu ya nguo nyeupe, macho mazito. Katika mwaka mzima hajawahi kukaa Biro, lakini baridi ya asubuhi ile ilimshinda na harufu ya tangawizi ikammaliza. Alikuwa Aimée.

Wanaume wanne walishtuka kama watoto waliokutwa na mkono chunguni. Tonnage aliificha simu chini ya paja. Flash akaanza kusafisha kamera iliyokuwa safi. Aimée aliwasalimu kwa adabu, akamwuliza papa Théodore jicho likoje, akapewa kile kikombe cha mwisho. Alisema ni vizuri amewakuta, awaage kabisa, maana tiketi imetoka. Anasafiri Samedi.

Samedi. Jumamosi, siku moja kabla ya Dimanche ile. Théodore alihesabu siku upya kwa vidole, zikatoka zilezile.

Simu iliyokuwa chini ya paja la Tonnage ikawaka yenyewe, na lile bomba jeupe likang'aa pembeni.

— Ile bomba iko ya nini? Aimée akauliza.

— Ya kupiga foto, Tonnage akasema.

— Foto ya nini?

— Ya kintu moya ya mbali.

— Asiyejua maana haambiwi maana, Bac-Plus akaongeza, akidhani amesaidia.

Aimée hakukasirika. Alipuliza kahawa yake, akauliza vilevile anavyouliza wagonjwa, bila kupandisha sauti.

— Sawa. Na hiyo kintu, mu macho, iko mukubwa namna gani?

Tonnage aligeuza simu uso chini. Bac-Plus alitazama mlima wa mawe. Flash, aliyepiga picha kwa miaka tisa, aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni. Asubuhi nzima walikuwa wamesema urefu, uzito, urefu wa kwenda juu na mbio za pikipiki, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kile kitu wanachokitaka kina ukubwa gani. Walikuwa wamechukulia tu kwamba cha mbali ni kidogo.

Kipimo kilikuwepo mwaka mzima. Théodore aliinuka polepole, akageukia kusini, akafumba jicho la kushoto, akanyosha mkono wote, akainua kidole gumba mbele ya mbingu tupu ya asubuhi.

— Iko hivi, akasema. Inajaza kidole.

Kikombe cha Aimée kilisimama katikati ya njia ya mdomo. Mkono ule ulionyoshwa aliujua. Mwaka jana, katika chumba cha macho, mzee mmoja mwenye hofu alinyosha mkono vilevile kumwonyesha ukubwa wa kipande kilichosahauliwa. Alikishusha kikombe juu ya goti na akabaki ameketi, ingawa usingizi ulikuwa unamdai.

Théodore hakumwona, alikuwa ameshakamatwa na kazi. Alimwita Flash, akamwambia achukue objectif yake ndefu, ile lenzi ya kumpigia bibi harusi kutoka mlango wa kanisa. Akatembea barabarani hatua sita, saba, mkono umenyoshwa, mpaka kidole gumba kikafunika sawasawa upana wa dirisha la buluu la nyumba ya nne. Akapiga alama kwa kisigino mavumbini.

— Simama hapa. Angalia dirisha.

Flash akasimama kwenye alama, akaweka jicho kwenye kamera.

— Inaingia yote, papa. Na nafasi inabakia pande zote.

— Na mu bomba ya Ricky?

Flash alifikiri kidogo, kisha akaanza kucheka.

— Mu bomba ya Ricky tutaona paka musumari moya ya dirisha.

Basi ikaeleweka. Wingu lile si dogo. Lina upana wa mwezi mpevu ukiwekwa mara nne bega kwa bega. Ila mwanga wake ni hafifu. Halihitaji kuvutwa karibu, linahitaji jicho lililo wazi kwa muda, na jicho hilo liwe linalifuata bila kutetemeka. Objectif ya harusi inatosha, kamera ya harusi inatosha. Kinachokosekana ni kitu cha kuzungusha kamera kinyume cha mzunguko wa dunia, pole pole, mfululizo.

— Kuzungusha, Théodore akasema, njo kazi yangu.

Alilisema kama mtu anayejisikia mwenyewe kwa mara ya kwanza. Kwa miaka minne hakuwa amesema "kazi yangu" bila kuongeza "ya zamani". Alichukua kipande cha kaa kutoka mbabula ya mama Angèle, akachora juu ya ubao. Mbao mbili zimelala moja juu ya nyingine, zimeungwa upande mmoja kwa bawaba, kama jalada la kitabu. Kamera inakaa juu ya ubao wa juu. Upande wa pili unapita skurubu ndefu. Ukiizungusha, jalada linafunguka kidogo kidogo. Akamwuliza Bac-Plus bawaba iangalie wapi.

Bac-Plus akatulia, akasahau kukohoa. Alisema ielekee kusini barabara, na iinuke digrii kumi na moja, kwa sababu Likasi iko digrii kumi na moja chini ya ikweta. Tangu Biro ifunguliwe, ndiyo siku ya kwanza ule mwaka mmoja wa chuo kikuu kupata ajira, na mwenyewe alionekana kuguswa.

— Vis ya six, pas ya un, Théodore akahesabu skurubu yake, unene milimita sita, uzi milimita moja. Inageuka mara moya ku minuti moya. Kutoka ku charnière, ile bawaba, mpaka ku vis, millimètre deux cent vingt-neuf.

Akaangalia ile mia mbili ishirini na tisa aliyoiandika, akaifuta kwa kiganja.

— Deux cent vingt-huit na nusu.

Kwa ile nusu ya milimita hakuna aliyecheka. Flash alisema akipewa dakika moja moja zisizotetemeka, atapiga sitini, au mia, kisha kompyuta ya studio itazilaza zote moja juu ya nyingine mpaka mwanga ujae.

— Haba na haba, Tonnage akasema kwa sauti ndogo. Safari hii methali ilikaa mahali pake, naye akashtuka.

Alibaki Stéphanie. Théodore alimwuliza Flash kuna kitu gani hapa Likasi hawawezi kukitengeneza. Flash akasema kimoja tu: ile kamba ya kufungulia kamera bila kuigusa, kwa kuwa kidole kikifinya, picha inatingishika. Inakunjwa inaingia kwenye kiganja. Tonnage aliumia wazi. Kutuma mtu Ulaya, akasema, kwa ajili ya kamba, ni kumtuma tembo akalete karanga. Lakini Flash alikuwa ameshaandika, na jibu lilikuja kabla hajaweka simu chini. Stéphanie aliuliza kama ni hiyo tu, papa Théodore asijinyime.

Théodore aliomba simu. Aliishika kwa mikono miwili, karibu na mdomo.

— Mutoto yangu, asante. Minye nilichonga ekseli moya, weye umeikumbuka miaka kumi na mbili. Leta ile kamba. Mu nafasi yenye itabakia, uweke bintu ya mama yako.

Alimrudishia Flash simu. Kila mmoja pale ubaoni alikuwa na ekseli yake mahali fulani, kitu alichotendewa na mtu, na nadhani kila mmoja alikuwa anaitafuta. Mama Angèle aligeuza birika ya pili kichwa chini juu ya mawe. Biro imefungwa.

Aimée aliinuka wa kwanza. Alikung'uta sketi, akarudisha kikombe, akashukuru kwa kahawa. Kisha akamgeukia Théodore.

— Papa, nimesikia mu mutaa uko na action de grâce. Iko dimanche gani?

— Dimanche ya mwisho ya mwezi, mama.

Alifunga vifungo vya sweta yake, kimoja kimoja, mpaka cha juu.

— Basi nitasafiri lundi, dimanche ikishapita.

Akaenda zake kulala, akipita karibu na ile alama ya kisigino mavumbini bila kuikanyaga. Tonnage akauliza kwa kunong'ona kama amejua. Bac-Plus alianza methali, mama Angèle akamwangalia, akaiacha. Flash akamkumbusha kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, na Bac-Plus akakubali kwamba leo kimetosha.

Théodore hakurudi nyumbani kwa njia ya kawaida. Alipita kwanza kwa Samy, mwenye karakana nyuma ya soko, akamwomba mashine yake ya kuchongea kwa siku mbili. Skurubu za sokoni, alisema, zinadanganya uzi. Samy alimsogezea kiti bila kuuliza mengi. Naye alijifunzia kazi mkononi mwa mzee huyo. Kisha Théodore akaenda nyumbani kuchukua kitu.

Berthe alikuwa uani anafagia. Mumewe aliingia ndani, akafungua sanduku lililo chini ya kitanda, akatoa kipimo chake cha chuma kilichokuwa kimeviringishwa katika kitambaa cha mafuta. Hakikuwa kimeguswa tangu macho yake yalipoanza kuziba. Alikifungua, akakifunga, akasoma mistari yake midogo kwa mwanga wa mlangoni, yote, mpaka ule wa mwisho. Akakitia katika mfuko wa koti.

— Ninaenda kazi, akasema akipita.

— Kazi njema, Berthe akaitikia, kama anavyoitikia kila siku, ufagio ukiendelea.

Halafu akaona mfuko wa koti umeinama kwa uzito anaoujua. Aliegemeza ufagio ukutani, akajifuta mikono, akamsindikiza mpaka barabarani.